Dkt John Garang: Bunduki, baraza la boma na Itifaki ya Machakos

KWA takriban wiki tano kati ya Juni na Julai mwaka 2002, mji wa Machakos uligeuka kuwa mahali ambapo hatima ya nchi nyingine ilikuwa ikipimwa kwenye mizani. Wajumbe wa serikali ya Sudan na wale wa vuguvugu la waasi la SPLM/A walikutana huko chini ya usimamizi wa Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, huku Marekani, Uingereza, Norway na Italia zikituma waangalizi wao. Mnamo Julai 20, 2002 pande hizo mbili zilitia saini hati ambayo tangu siku hiyo inajulikana kote ulimwenguni kama Itifaki ya Machakos.

Mtu ambaye kivuli chake kilitanda zaidi juu ya mazungumzo hayo siye aliyeshika kalamu. Saini ya waasi iliwekwa na naibu wake, Salva Kiir Mayardit, na ile ya Khartoum ikawekwa na Dkt Ghazi Salahuddin Atabani. Hata hivyo, kila aliyekuwapo alijua kwamba kwa upande wa kusini neno la mwisho lilikuwa la Dkt John Garang de Mabior.

Zaidi ya miongo miwili imepita tangu Garang afariki, na habari zake husimuliwa zaidi kwa lugha ya vita na mikataba. Ipo sehemu ya maisha yake ambayo hutajwa kwa haraka tu, nayo ni jaribio la kuwapa watu wa vijiji vilivyochomwa na kuhamwa mabaraza yao ya kujitawala hata kabla bunduki hazijanyamaza, kwa msaada wa madola na mashirika ya nje. Jaribio hilo lilikuwa lake, na baadhi ya vikwazo vikubwa vilivyolikabili vilikuwa vyake pia.

Garang alizaliwa Juni 23, 1945 katika kijiji cha Wangulei, eneo la Bor, miongoni mwa wafugaji wa Kidinka. Kufikia umri wa miaka 10 alikuwa amekwisha fiwa na wazazi wote wawili. Jamaa mmoja wa familia ndiye aliyemchukua na kumlipia karo, kwanza huko Tonj na baadaye Rumbek.

Sudan ilipata uhuru Januari 1, 1956, lakini kusini risasi zilikuwa zimeanza kulia miezi kadhaa kabla, pale wanajeshi wa Torit walipoasi Agosti 1955. Kijana Garang alikwenda kujiunga na waasi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Viongozi wao wakamwona bado mdogo, wakamhimiza atafute elimu kwanza. Hivyo ndivyo alivyojikuta Tanganyika, katika shule ya sekondari ya Magamba, juu kwenye milima ya Lushoto.

Kutoka huko alipata ufadhili wa kwenda Marekani, katika chuo cha Grinnell kilichoko jimbo la Iowa, alikohitimu shahada ya uchumi mwaka 1969. Nafasi ya kuendelea na masomo California ilikuwa wazi mbele yake. Akaiacha, akachagua kurejea Afrika Mashariki kuchunguza uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Dar es Salaam ya wakati ule haikuwa chuo cha kusomea tu. Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walikuwa na ofisi zao mjini, na Walter Rodney alikuwa akifundisha historia. Wanafunzi wenye mwelekeo wa kimapinduzi walikuwa na chama chao, USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Garang aliingia katika kundi hilo. Urafiki ulioanzia kwenye mabweni ya Mlimani ungekuja kumfaa miaka mingi baadaye, na safari yake ya mwisho ilikuwa ya kutoka nyumbani kwa rafiki huyo huyo.

Kisha akarudi msituni na kujiunga na wapiganaji wa Anyanya walioongozwa na Joseph Lagu. Hakukaa sana. Mwaka 1972 serikali ya Rais Jaafar Nimeiri na waasi walitia saini mkataba wa Addis Ababa ulioipa kusini serikali yake ya mkoa huko Juba. Garang hakuupenda mkataba huo na alimwandikia Lagu kueleza pingamizi zake. Lakini ulipopita, aliingizwa katika jeshi la taifa pamoja na wenzake kwa cheo cha kapteni, akatulia humo kwa miaka 11.

Katika miaka hiyo jeshi la Sudan lilimpeleka tena Marekani. Alipata mafunzo ya uafisa huko Fort Benning, jimbo la Georgia, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na kuhitimu shahada ya uzamifu katika uchumi wa kilimo mwaka 1981. Tasnifu yake ilihusu mikakati ya maendeleo ya vijijini katika eneo la mradi wa Jonglei, ule mfereji wa kilomita 360 uliokusudiwa kuyapitisha maji ya Nile kando ya madimbwi makubwa ya Sudd ili yafike Misri na kaskazini mwa Sudan kabla ya kukauka kwa jua. Swali lake kuu lilikuwa rahisi: wenyeji wa Jonglei wangepata nini? Miaka mitatu baadaye wapiganaji wake walishambulia kambi za wajenzi, na kazi ya mfereji ikasimama ikiwa imechimbwa takriban theluthi mbili. Nadra sana duniani msomi kupata nafasi ya kuumaliza kwa bunduki mradi alioupimia kwa kalamu.

Mkataba wa Addis Ababa ulikuwa umeanza kuoza. Mafuta yalipogunduliwa karibu na Bentiu mwaka 1978, Khartoum ilianza kutazama mipaka ya kusini kwa macho mengine. Juni 1983 Nimeiri aliivunja serikali ya mkoa wa kusini na kuigawa katika mikoa mitatu, na Septemba mwaka huo huo akatangaza sheria ya Kiislamu nchini kote. Kabla ya hayo, Mei 16, 1983, kikosi cha 105 kilichokuwa Bor kilikuwa kimekwisha asi. Garang, wakati huo akiwa kanali, alikuwa amefika huko akitokea makao makuu. Aliondoka pamoja na waasi hadi Ethiopia, na ndani ya wiki chache SPLM/A ikazaliwa, naye akiwa kiongozi wake.

Tofauti yake na waliomtangulia ilikuwa katika shabaha. Anyanya walitaka kusini ijitenge. Garang alisema tatizo si kusini bali ni Sudan nzima, ambako kikundi kidogo cha Khartoum kiliwabagua watu wa pembezoni, wawe wa kusini, wa milima ya Nuba, wa Blue Nile au wa Darfur. Alitaka Sudan Mpya, nchi moja isiyo na dini ya dola. Wako waliodai kwamba msimamo huo ulikuwa wa kumpendeza mwenyeji wake, Kanali Mengistu Haile Mariam, ambaye mwenyewe alikuwa akipigana na watu waliotaka kujitenga. Kuna ukweli ndani yake, lakini hauelezi kwa nini Garang aliendelea kuushikilia miaka 14 baada ya Mengistu kukimbia nchi.

Ndani ya eneo lililotekwa, mambo hayakuwa mapya hata kidogo. Makamanda ndio waliokuwa serikali. Machifu walibaki na kazi ya kukusanya chakula cha wapiganaji na kuwatoa vijana, wengine wakiwa watoto, waende mafunzoni. Waliotofautiana na mwenyekiti waliwekwa kizuizini. Kerubino Kuanyin Bol, mmoja wa waliofyatua risasi za kwanza huko Bor, alikamatwa mwaka 1987, na Arok Thon Arok akafuata mwaka uliofuata. Wote wawili walikaa miaka bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Mwaka 1991 ukaja na hesabu yake. Mengistu alianguka Mei, na Garang akapoteza kwa siku chache ngome, redio na njia ya silaha. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa kusini walitimuliwa kutoka kambi za Ethiopia. Agosti 28, makamanda Riek Machar, Lam Akol na Gordon Kong walitangaza kutoka Nasir kwamba wamempindua, wakimshutumu kwa udikteta na kukanyaga haki za binadamu. Hawakufaulu kumwondoa. Lakini Novemba mwaka huo wapiganaji wa upande wa Machar waliingia Bor, nyumbani kwa Garang, na maelfu ya raia wakauawa. Makumi ya maelfu walikimbia, na baadhi yao waliingia Kenya mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa Turkana.

Ni vigumu kuamini kwamba bila pigo hilo Garang angekubali kuitisha mkutano wa wananchi. Waliojitenga naye walikuwa wametumia neno demokrasia kama rungu, na ingawa mikono yao wenyewe haikuwa safi, rungu hilo liliuma kwa sababu madai yao yalikuwa na ukweli.

Mfano ulikuwa umetangulia milimani. Mwaka 1992 Yousif Kuwa Mekki, mwalimu wa zamani aliyeongoza waasi wa Nuba, aliwaita wajumbe wa jamii zake mahali paitwapo Debi na kuwauliza kama wanataka vita viendelee au visitishwe. Walijadiliana kwa siku kadhaa, wakapiga kura, wakachagua kuendelea. Kamanda aliyekuwa na bunduki zote aliweka uamuzi mkubwa kuliko wote mikononi mwa raia wake, jambo ambalo hata serikali zilizochaguliwa hazilifanyi mara kwa mara.

Aprili 1994, zaidi ya wajumbe 500 walikusanyika Chukudum, mji mdogo ulioko Equatoria ya Mashariki, si mbali na mpaka wa Kenya. Wengine walitembea kwa wiki nyingi kufika huko. Mkutano ule uliamua kwamba SPLM kama chama itenganishwe na SPLA kama jeshi, kwamba pawe na mahakama za kiraia, na kwamba utawala upangwe kuanzia chini. Ngazi ya kwanza iliitwa boma, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Juu yake ikawa payam, kisha kaunti, kisha mkoa. Kila ngazi ingekuwa na mkutano wa wananchi wa kuchagua baraza lake.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba wakati wajumbe wa Sudan walipokuja Machakos miaka minane baadaye, Machakos yenyewe ilikuwa makao ya wilaya iliyotawaliwa na mkuu aliyeteuliwa kutoka Nairobi. Ugatuzi tulionao Kenya uliletwa na Katiba ya 2010, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Watu wa msituni walikuwa na makamishna wa kaunti kabla yetu, angalau kwenye karatasi.

Kwenye karatasi, kwa sababu kutoka azimio hadi jengo la ofisi ilikuwa safari ndefu. Kamishna wa kaunti hakuwa na mshahara, gari wala karani. Kodi ilikuwa mbuzi, mtama au siku za kazi. Hapo ndipo washirika wa nje walipoingia.

Tangu 1989 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiendesha mpango wa Operation Lifeline Sudan, na Lokichoggio katika Turkana ikawa kituo kikubwa cha ndege za msaada. Lakini mpango ule ulihusu chakula na dawa. Shirika la Norwegian People's Aid, lililokataa kujifanya halina upande, lilifanya kazi ndani ya maeneo ya waasi bila kupitia ruhusa ya Khartoum. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilianzisha mpango ulioitwa STAR uliokwenda mbali zaidi ya chakula. Fedha zake zilikusudiwa kuziinua tawala za kaunti, vikundi vya raia na shughuli za uchumi katika maeneo yaliyokuwa mikononi mwa waasi. Makanisa nayo, kupitia baraza lao la New Sudan Council of Churches, yalibeba mzigo wa upatanisho.

Kazi ya makanisa inastahili kusimuliwa kwa utulivu. Kati ya Februari na Machi 1999, machifu na wazee wa Kidinka na Kinuer kutoka ukingo wa magharibi wa Nile walikutana Wunlit, Bahr el Ghazal, katika kijiji kilichojengwa kwa ajili ya mkutano ule. Walikuwa wameuana na kuibiana ng'ombe, wake na watoto kwa karibu miaka minane. Kila upande ulieleza yaliyoupata mbele ya upande mwingine hadi ukamaliza. Fahali mweupe alichinjwa kutia muhuri maafikiano. Kwa Kidinka fahali wa rangi hiyo huitwa mabior, jina lile lile alilolibeba kiongozi wa SPLM kutoka kwa baba yake. Fedha za usafiri na chakula zilitoka ng'ambo. Maneno na utaratibu vilikuwa vya wenyeji. Amani ya Wunlit ilifungua malisho na visima, na iliwatangulia makamanda, kwani Machar alirudi kwa Garang Januari 2002 tu.

Ushirikiano na wageni haukukosa makwaruzano. Katika njaa ya Bahr el Ghazal ya mwaka 1998 makumi ya maelfu ya watu walikufa, na ilidhihirika kwamba sehemu ya chakula kilichogawiwa raia ilichukuliwa tena na wapiganaji wa SPLA usiku au kwa kupitia machifu. Miaka miwili baadaye Garang na wenzake waliyataka mashirika yote ya kigeni yatie saini hati ya makubaliano na utawala wao kabla ya Machi 1, 2000, la sivyo yaondoke. CARE, Oxfam na World Vision yalikuwa miongoni mwa yaliyofunga virago.

Suala hilo lilikuwa na pande mbili, na hadi leo halijamalizika katika nchi zenye vita. SPLM ilisema kwamba mgeni anayekuja kufanya kazi katika nchi ya watu sharti awatambue wenye nchi, na kwamba haiwezekani kudai utawala wa kiraia ujengwe huku fedha zote zikipita kando yake. Mashirika yalijibu kwamba kutia saini kungewafanya watumishi wa jeshi. Walioumia ni wagonjwa wa zahanati zilizofungwa, ambao hakuna aliyewauliza, si katika mkutano wa boma wala Nairobi ambako wakuu wa pande zote mbili walikuwa wakiishi.

Na mabaraza yenyewe? Kwingine yalikaa na kuamua kesi za mashamba, ada za soko na ujenzi wa shule. Kwingine yalikuwa jina tu, kamanda akiwa ndiye kamishna na kamishna akiwa kamanda. Makamishna waliteuliwa na kufukuzwa na Garang mwenyewe. Mkutano mkuu wa pili wa chama, ambao ungewapa wajumbe nafasi ya kumhukumu kwa kura, haukuitishwa tena katika uhai wake. Ulifanyika Mei 2008, miaka 14 baada ya Chukudum.

Huyo ndiye Garang aliyekuwa nyuma ya wajumbe wa Machakos. Nchi za kanda kupitia IGAD zilikuwa zimeanza usuluhishi tangu 1993, zikatoa Azimio la Misingi mwaka 1994 ambalo Khartoum ililikataa na kulikubali tu 1997. Rais Daniel arap Moi alimteua Sumbeiywo mwaka 2001 kuufufua mchakato uliokuwa umelala. Mwaka huo huo Marekani ilimtuma seneta wa zamani John Danforth, na Januari 2002 usitishaji mapigano ulipatikana katika milima ya Nuba. Khartoum ilikuwa ikiuza mafuta tangu 1999 na haikuwa na haraka. Lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, haikutaka pia kuonekana mkaidi.

Makubaliano ya Machakos yanaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Kaskazini ingebaki na sharia, kusini isingelazimishwa kuifuata. Pangekuwa na kipindi cha mpito cha miaka sita, kikitanguliwa na miezi sita ya matayarisho, ambacho pande zote zingejitahidi kuufanya umoja uvutie. Mwishoni watu wa kusini wangepiga kura ya maoni, chini ya uangalizi wa kimataifa, kuamua kubaki au kujitenga. Tume ya tathmini ingewashirikisha wajumbe wa IGAD pamoja na Marekani, Uingereza, Norway na Italia, ili pasiwepo tena mkataba wa kuvunjwa kwa amri ya mtu mmoja kama ule wa 1972.

Kwa Garang ulikuwa ushindi wenye mwiba. Watu wa kusini walipata haki ambayo wapiganaji wake wengi waliitaka tangu mwanzo. Lakini sharia ilipoachwa kaskazini, Sudan Mpya ilikatwa katikati. Watu wa Nuba na Blue Nile, waliopigana chini ya bendera yake kwa karibu miaka 20, hawakuwamo katika kura ile ya maoni. Mikataba iliyofuata iliwapa mashauriano ya wananchi, kitu hafifu zaidi. Yousif Kuwa, ambaye angewapigania, alikuwa amefariki kwa saratani Uingereza Machi 2001.

Wiki moja baada ya saini, Julai 27, 2002, Garang na Rais Omar al-Bashir walikutana kwa mara ya kwanza maishani mwao, jijini Kampala, mwenyeji akiwa Museveni. Matumaini hayo yalitikisika mapema. Septemba 1 wapiganaji wa SPLA waliuteka mji wa Torit, na Khartoum ikawaondoa wajumbe wake Machakos. Walirudi baada ya hati ya kusitisha mapigano kutiwa saini Oktoba 15. Siku chache baadaye Rais George W. Bush aliidhinisha Sheria ya Amani ya Sudan, iliyoruhusu dola milioni 100 kila mwaka kwa miaka mitatu kwa maeneo yasiyokuwa chini ya Khartoum, zikiwemo za kujenga utawala wa kiraia. Wapinzani wa Garang waliziita fedha za waasi. Kwa kamishna aliyekuwa akiandika barua zake kwenye daftari la shule zilikuwa habari njema.

Kenya ilibadili rais Desemba 2002, Mwai Kibaki akachukua nafasi ya Moi, lakini Sumbeiywo akaachwa amalize kazi. Septemba 2003 Garang mwenyewe alifika Naivasha kukabiliana ana kwa ana na makamu wa rais Ali Osman Taha. Kwa miezi 16 watu wawili hao walibishana juu ya majeshi, mafuta, vyeo na Abyei. Waliafikiana kwamba nusu ya mapato ya mafuta ya kusini iende kwa serikali ya kusini, baada ya asilimia mbili kutengewa majimbo yanayoyatoa. Januari 9, 2005 mkataba kamili ulitiwa saini katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, mbele ya viongozi wa kanda na madola yaliyousimamia. Aprili mwaka huo wafadhili waliokutana Oslo waliahidi dola bilioni 4.5.

Wakati huo huo nyumba yake ilikuwa ikivuja. Novemba 2004 Salva Kiir na maafisa wengine walimkabili katika mkutano wa Rumbek na kumlaumu kwamba hakuna taasisi, kwamba kila kitu kinakaa mfukoni mwake. Suluhu ilipatikana, lakini malalamiko yale yalikuwa yale yale ya mwaka 1991, safari hii yakitoka kwa watu waliosimama naye.

Julai 8, 2005 Garang alitua Khartoum baada ya miaka 22. Umati uliojitokeza ulikadiriwa kupita milioni moja, na si watu wa kusini peke yao. Siku iliyofuata aliapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Sudan na kiongozi wa serikali ya kusini. Alikaa katika wadhifa huo siku 21. Julai 30, akirejea kutoka kwa Museveni huko Rwakitura, helikopta ya rais wa Uganda aliyokuwa amepanda ilianguka katika milima iliyo karibu na mipaka ya Uganda na Kenya. Alikufa pamoja na watu wengine 13. Makumi ya watu waliuawa katika ghasia zilizozuka Khartoum. Uchunguzi uliofuata haukupata ushahidi wa hujuma, ingawa huko Juba wako wasioamini hadi leo.

Alizikwa Juba Agosti 6, 2005, mji ambao jeshi lake halikuwahi kuuteka. Salva Kiir alimrithi siku zile zile.

Kura iliyoahidiwa Machakos ilipigwa Januari 2011 na asilimia 98.83 wakachagua kujitenga. Sudan Kusini ikawa nchi huru Julai 9 mwaka huo. Wiki chache kabla, vita vilikuwa vimerudi katika milima ya Nuba, na Septemba vikafika Blue Nile. Desemba 2013 wenye uhuru wenyewe walianza kupigana, Kiir upande mmoja na Machar upande wa pili, na Bor ikateketezwa tena.

Boma, payam na kaunti zimebaki. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 ilizithibitisha, na ikasema mabaraza yake yachaguliwe na wananchi. Uchaguzi huo wa mabaraza haukufanyika. Makamishna waliendelea kuteuliwa, kama enzi za msituni. Uchaguzi mkuu wa kwanza tangu uhuru nao umeahirishwa mara kadhaa, na Septemba 2024 serikali ya Juba ilitangaza kuusogeza hadi Desemba 2026. Mwaka huo huo wa 2024 Kenya ilikuwa imeanzisha tena mazungumzo ya Wasudan Kusini jijini Nairobi, na aliyeitwa kuwa msuluhishi ni yule yule jenerali mstaafu wa Machakos, Lazaro Sumbeiywo.